Mfumo huria wa uendeshaji: uchaguzi wake kwa kompyuta ya kila siku

Mfumo huria wa uendeshaji ni programu mama ya kompyuta ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumpa mwenzake nakala. Programu mama ndiyo inayoiamsha mashine, inayogawa kumbukumbu, inayosoma diski na kuzipa nafasi programu nyingine zifanye kazi. Kwa kompyuta za mezani na za mpakato, mifumo huria inayojulikana zaidi ni ya jamii ya Linux, kama Ubuntu, Linux Mint, Debian na Fedora. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua mfumo wa aina hiyo kwa kazi za kawaida, ikitazama hasa mazingira ya Usagara, kata ya Wilaya ya Misungwi, na mwambao wa Ziwa Victoria kuzunguka Jiji la Mwanza.

Maana na istilahi

Huria na bure ni maneno mawili tofauti. Bure ni habari ya bei. Huria ni habari ya ruhusa. WhatsApp haina bei, lakini si huria, kwa sababu mtumiaji haruhusiwi kuona msimbo wake wala kuubadilisha. Programu huria huja na msimbo wake wazi, na leseni inayotaja haki za mtumiaji. Leseni iliyoenea sana ni GPL. Sharti lake kuu ni la uungwana: anayegawa nakala aliyoibadilisha hana budi kutoa na msimbo wake, kwa masharti yaleyale aliyoupokelea.

Katika Kiswahili neno huria limekwisha kuzoeleka kwa maana hii. Mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam ulioanza mwaka 2015, uliotegemea ramani ya OpenStreetMap na programu ya QGIS, uliitwa Ramani Huria. Linux yenyewe ni jina la kiini cha mfumo. Kiini kikikusanywa pamoja na dirisha la kazi, kivinjari, programu za ofisi na njia ya kupata masasisho, mkusanyo huo mafundi huuita distro. Kitendo cha kuweka mfumo kwenye mashine huitwa kusakinisha, ingawa mteja anayeingia kwa fundi wa kompyuta kwa kawaida husema anataka kupigiwa Windows.

Chimbuko

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, akikusudia kuunda mfumo kamili ambao watu wangeweza kugawana bila kuvunja sheria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL. Vipande hivyo viwili vikaungana. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, imekuwa shina la distro nyingi zilizokuja baadaye.

Ubuntu ilitoka Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, kupitia kampuni yake ya Canonical. Jina hilo limetoka katika lugha za Kinguni, na msomaji wa Kiswahili analitambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, Canonical iliwatumia watu CD za Ubuntu kwa posta bila malipo, jambo lililowafaa hasa wakazi wa nchi ambako intaneti ilikuwa ghali na ya polepole. Android nayo, iliyoingia sokoni mwaka 2008, imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa hiyo mwenye simu ya Tecno, Infinix au itel tayari anabeba kiini hicho mfukoni, hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Afrika Mashariki

Tanzania ina sehemu yake katika historia hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46 na kwa msaada wa shirika la maendeleo la Sweden, Sida, kiliendesha mradi wa Kilinux wa kuzipa programu huria lugha ya Kiswahili. Matunda yake ya kwanza yalikuwa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotolewa kwa Kiswahili Desemba 2004. Miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilitayarisha Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Tofauti ilikuwa katika umiliki wa kazi. Tafsiri ya Kilinux ilibaki wazi, na aliyekuja baadaye aliweza kuanzia pale wenzake walipoishia. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hadi leo ina Kiswahili cha Tanzania katika orodha ya lugha zake.

Programu huria pia zinafanya kazi mahali ambapo mwananchi hazioni. DHIS2, mfumo huria wa kukusanya takwimu za afya, unatumika na wizara za afya nchini Tanzania, Kenya na Uganda.

Mazingira ya Usagara na Mwanza

Usagara ni njia panda. Barabara inayotoka Mwanza kwenda Shinyanga inaachana hapo na ile ya Kigongo, ambako tangu Juni 2025 watu hawasubiri tena kivuko. Wanapita juu ya daraja la kilomita 3 linalovuka Ghuba ya Mwanza hadi Busisi na kuendelea Sengerema na Geita. Kompyuta hupita njia hizohizo. Inanunuliwa mjini, inapelekwa kijijini, inarudishwa kwa fundi ikiharibika. Wanaoihitaji ni mwalimu anayetunga mitihani, mwenye steshenari anayechapa na kutoa nakala, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe au wa chuo cha afya cha Bugando, na mchoraji wa kadi za michango ya harusi.

Mashine nyingi wanazotumia ni mtumba wa ofisi za nje: Dell Latitude, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara, lakini nyingi hazitimizi masharti ya Windows mpya. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye ThinkPad yenye prosesa ya kizazi cha 4 amebaki na mashine nzima isiyopata ulinzi mpya. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayowafanya watu wa mwambao waulizie Linux.

Sababu ya pili ni nakala za Windows zisizolipiwa, zinazopita kutoka flashi hadi flashi pamoja na vifungua kufuli vyake. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na vifungua kufuli hivyo mara nyingi ndivyo vinavyoleta virusi. Desturi ya kupeana nakala kwa flashi haina ubaya wowote yenyewe. Ubaya uko katika kugawa kisichoruhusiwa kugawiwa. Mfumo huria unaiacha desturi hiyo iendelee na kuipa uhalali.

Vigezo vya kuchagua

Kazi. Uchaguzi huanzia kwenye kazi, kisha hushuka kwenye mfumo. Mtumiaji aorodheshe anachofanya kwa wiki nzima. Kuandika barua, majedwali ya hesabu, barua pepe, WhatsApp ya kwenye kivinjari, mikutano ya Zoom, kuangalia matokeo ya mitihani ya NECTA, kuomba mkopo wa elimu ya juu, kujaza fomu za kodi au zabuni za serikali: vyote hivi vinafanyika kwenye Linux, kwa kuwa vingi hupitia Firefox au Chrome. Anayetegemea Tally, QuickBooks ya kusakinishwa, Photoshop, CorelDRAW au FL Studio ajue kwamba programu hizo hazina matoleo ya sasa ya Linux. Programu iitwayo Wine huweza kuendesha baadhi ya programu za Windows, lakini si busara kuweka hesabu za chama juu ya matumaini. Zipo mbadala huria: GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, Scribus kwa kupanga kurasa, PSPP kwa aliyezoea SPSS, QGIS kwa ramani. Zinahitaji kujifunza upya, na muda huo uhesabiwe kama gharama.

Nguvu ya mashine. Kumbukumbu ya RAM ndiyo inayoamua. Penye GB 8, distro yoyote itakwenda vizuri. Penye GB 4, Linux Mint yenye dirisha la Xfce au Xubuntu inafaa zaidi. Penye GB 2, Lubuntu au antiX; na hapo kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa bado kitalemea. Mashine ya zamani ya biti 32 haina nafasi tena kwenye Ubuntu wala Mint mpya, na Debian 13 ya mwaka 2025 nayo imeacha kutoa kisakinishi chake. Kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD huleta nafuu kubwa kuliko kubadilisha distro.

Bando. Faili la kusakinishia Ubuntu 24.04 lina karibu GB 6, la Linux Mint karibu GB 3, na kisakinishi kidogo cha Debian hakifiki GB 1, ingawa hicho hupakua mengine wakati wa kusakinisha. Kwa anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni fedha. Masasisho nayo yanakula bando. Linux Mint humwachia mtumiaji aamue ni lini ayapakue. Ubuntu ina programu za aina ya snap ambazo hujisasisha zenyewe, hivyo mwenye bando dogo aueleze mfumo kwamba muunganisho wake ni wa kulipia kwa kipimo. Njia rahisi ya kupata mtandao ni kuunganisha simu kwa waya wa USB; Linux huitambua mara nyingi bila kuongezewa chochote.

Umeme. Betri za mtumba huwa zimechoka, na umeme ukikatika mashine huzima papo hapo. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumiwa na distro nyingi, huweka kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, hivyo diski haivurugiki kirahisi. Hata hivyo hauwezi kuokoa ukurasa ambao haujahifadhiwa. Katika LibreOffice muda wa kujihifadhi unaweza kupunguzwa hadi dakika chache, na mwalimu anayetunga mtihani usiku afanye hivyo siku ya kwanza.

Printa na vifaa. Hapa ndipo uchaguzi mwingi hushindwa. Printa nyingi za HP hufanya kazi kupitia programu ya HPLIP. Epson nyingi za matangi ya wino hukubali kwa kiendeshi cha Epson chenyewe. Baadhi ya Canon ndogo za leza husumbua. Kadi za Wi-Fi za Broadcom mara nyingine huhitaji kiendeshi cha ziada, na ni vigumu kukipakua wakati mtandao wenyewe haujapatikana. Hapo waya wa simu huokoa. Mwenye steshenari asibadilishe mfumo kabla ya kuchapa ukurasa mmoja kwa printa yake mwenyewe.

Lugha. Kiswahili kinaandikika kwa kibodi ya kawaida. Sehemu ya menyu za distro nyingi bado haijatafsiriwa, kwa hiyo mtumiaji wa Kiswahili hukutana na Kiingereza katikati ya kazi. LibreOffice ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, na inafaa kuiwasha ili maneno sahihi yasipigiwe mstari mwekundu. Anayeandika majina ya Kisukuma yenye ng', kama Ng'wanza, jina la Kisukuma la Mwanza, aangalie programu isimgeuzie alama hiyo kuwa ya kunukuu, kwa sababu baadaye jina huweza lisionekane linapotafutwa kwenye orodha ya wanafunzi.

Muda wa matunzo. Toleo la Ubuntu lenye alama ya LTS hutoka Aprili ya kila mwaka wenye namba shufwa na hutunzwa miaka 5. Matoleo yake ya kati hutunzwa miezi 9 tu. Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, itatunzwa hadi mwaka 2029. Debian hutunzwa takriban miaka 5. Fedora huishi kama miezi 13, hivyo inamfaa mtu mwenye mtandao wa uhakika na hamu ya vitu vipya. Kwa ofisi ya kijijini, muda mrefu ni bora kuliko upya.

Jirani anayejua. Hiki ni kigezo kinachosahaulika, na pengine ndicho kikubwa kuliko vyote. Mfumo bora kwa mtu wa Usagara ni ule ambao fundi wa karibu, mwalimu wa shule ya jirani au binamu aliye chuoni anaufahamu. Distro nzuri isiyojulikana na yeyote humwacha mtumiaji peke yake siku kompyuta itakapogoma kuwaka. Penye watu watatu wanaotumia Mint, wa nne naye achague Mint.

Mifumo inayofaa

Linux Mint, iliyoanzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006, ndiyo inayopendekezwa kwa aliyezoea Windows 7 au 10. Upau wa kazi uko chini, menyu iko kushoto, na mambo yako pale mkono ulipozoea kuyakuta. Ubuntu ina wafuasi wengi na maelezo mengi, ila dirisha lake la GNOME linamtaka mtumiaji abadili mazoea. Xubuntu na Lubuntu ni ndugu wepesi wa Ubuntu kwa mashine za zamani. Debian ni tulivu na haibadilikibadiliki, inafaa kompyuta ya ofisi inayofanya kazi ileile kila siku. Zorin OS ya Ireland imekusudiwa wanaohama kutoka Windows. Nje ya jamii ya Linux ipo FreeBSD, iliyotoka mwaka 1993; ni imara kwa seva, lakini kwa kompyuta ya kila siku inahitaji ujuzi zaidi.

Kujaribu na kusakinisha

Distro nyingi zinaweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Flashi ya GB 8 inatosha. Huandaliwa kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Ventoy huruhusu kuweka distro kadhaa kwenye flashi moja, jambo linalomfaa fundi. Kabla ya kuitumia, namba ya uhakiki ya faili lililopakuliwa ilinganishwe na ile iliyotangazwa na watengenezaji, kwa kuwa bando likikatika katikati faili huweza kuharibika kimyakimya. Kisha mashine huwashwa kupitia flashi: kwa Dell na ThinkPad hubonyezwa F12, kwa HP hubonyezwa Esc na kufuatiwa na F9.

Katika jaribio hilo mtumiaji aangalie Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini na printa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, ufunguo wake wa dharura uandikwe kwanza. Picha, vyeti na hesabu vinakiliwe kwenye diski nyingine kabla ya hatua yoyote. Anayetaka kubaki na Windows kando ya Linux anaweza kuweka mifumo yote miwili kwenye mashine moja, akizima kwanza kipengele cha kuwaka haraka cha Windows. Njia hii inamfaa mwenye programu moja tu inayomfunga.

Kupeana mafaili na wengine

Mtumiaji wa Linux anaishi na majirani wa Windows. Flashi ya kupeana mafaili iandaliwe kwa exFAT, ambayo pande zote mbili zinaisoma. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Virusi vinavyogeuza makabrasha ya flashi kuwa njia za mkato havijiendeshi ndani ya Linux, kwa hiyo mashine hiyo hutumika vizuri kusafishia flashi za wengine.

Waraka wa Word hufunguka katika LibreOffice, ila mistari huweza kuhama kwa kukosa fonti za Microsoft. Carlito na Caladea zina vipimo sawa na Calibri na Cambria, na zinapunguza tatizo hilo. Kazi inayopelekwa kuchapwa steshenari ipelekwe kama PDF. Mtihani wenye maswali 50 uliopangwa vizuri nyumbani utatoka vivyo hivyo kwenye karatasi.

Shuleni na kwa mafundi

Faida ya mfumo huria huonekana zaidi watu wanapouchukua kwa pamoja. Maabara ya shule yenye kompyuta 10 za mtumba inaweza kusakinishwa kwa flashi moja, bila kulipia leseni 10 na bila kuvunja sheria mbele ya wanafunzi. Masasisho yakipakuliwa mara moja mjini yanaweza kubebwa kwenye flashi hadi kwenye mashine zisizo na mtandao. Fundi anayejifunza distro moja vizuri anapata huduma mpya ya kuuza: kuandaa mashine, kuunganisha printa, kumfundisha mteja kwa saa mbili. Programu haina bei, lakini mikono yake ina ujira wa halali.

Ruhusa ya kubadilisha nayo si ya wahandisi wa ng'ambo peke yao. Mwalimu wa Kiswahili wa Misungwi anayeona neno limetafsiriwa vibaya kwenye menyu anaweza kupendekeza lililo bora, na likikubaliwa litawafikia watumiaji wa Bukoba, Kisumu na Bukavu katika toleo lijalo. Kilinux ilianza kwa kazi ya namna hiyohiyo, neno baada ya neno. Hadi atakapofika hapo, mtumiaji mpya ana kazi moja nyepesi ya kuanzia: flashi aliyojaribia mfumo asiifute, ampe jirani, kwa maana leseni imeandikwa ili afanye hivyo.